Jibu: Binti anayekataa kuhama tena

Dada, umeuliza ufanyeje na binti yako wa miaka 9 ambaye, tangu baba yake apate uhamisho wa tatu jeshini, hataki hata kufungasha vitu vyake. Mimi nimekulia kambini, na nakuomba sana usimlazimishe kufurahi. Ana msiba wake. Mwache alie, akasirike, kisha mpe muda wa kuaga rafiki zake, mwalimu wake, hata mti aliozoea kucheza chini yake. Mtoto anayeondolewa bila kuaga hubaki na donge moyoni miaka mingi, nalijua hilo.

Mkifika, tandika kitanda chake kwanza kwa shuka zilezile za zamani, vyombo vya jikoni vitasubiri. Saa za kula na kulala zisibadilike. Ripoti za shule na kadi ya chanjo zibebe mkononi.

Baba akipangiwa kituo cha mbali, arekodi sauti yake akimsomea hadithi. Ila msimwahidi kwamba hamtahama tena. Wiki zikipita bado halali vizuri au anajitenga, mpeleke kwa mshauri nasaha mapema.