Tundu la Mvua Limeninyima Kibali

SWALI: Shikamoo mzee. Nina matangi mawili ya dizeli, la lita 10,000 na la lita 5,000, ndani ya ukuta mmoja wa kinga, ule wa kuzuia mafuta yakivuja: urefu mita 6, upana mita 4, kimo nusu mita. Kwa hesabu yangu ukuta unabeba lita 12,000. Mkaguzi kanikatalia: eti ni mdogo, tena nizibe tundu la kutolea maji ya mvua. Ananionea? Na lile tangi dogo, naweza kulitia petroli?

JIBU: Marahaba. Hakuonei. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi hutaka ukuta ubebe asilimia 110 ya ujazo wa tangi kubwa kuliko yote, yaani kwako lita 11,000. Ulichosahau ni kwamba tangi dogo nalo limekalia nafasi. Likiwa na kipenyo cha mita 1.8, linakula kama lita 1,270. Zinabaki 10,730. Umepungukiwa madebe kumi na manne hivi! Ongeza mstari mmoja wa matofali, yaishe.

Tundu ndilo lingeninyima usingizi. Ukuta wenye tundu ni pakacha. Enzi zangu za ukaguzi nilikuta moja limezibwa kwa tambara. Kiungo cha bomba kilikuwa kimevuja usiku, na dizeli yote imeishia mtaroni. Mwenyewe akanionyesha ukuta mkavu, eti ushahidi kwamba hakuna kilichovuja!

Ziba kwa zege. Maji ya mvua yatolewe kwa pampu, na mtu asimame hapo hapo akiyatazama. Ukiona utando wa mafuta, usiyamwage. Mwite mwenye leseni ya kuzoa taka hatarishi. Wala usiyaache yalale, maana kila sentimita moja ya maji inakupunguzia nafasi.

Petroli? Si kwa kibali hicho. Kwa kawaida dizeli haitoi mvuke wa kutosha kushika cheche mpaka ipate joto la nyuzi 50 na ushee. Petroli hutoa hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke wake, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, utatuama humo humo ndani ya ukuta wako. Ndiyo maana sheria huyaweka mafuta hayo katika madaraja mawili, kila moja na masharti yake ya umbali kutoka kwenye majengo, mabomba ya kupumulia na vifaa vya umeme. Omba kibali kipya kabla hujaagiza hata lita moja.