Kaunta ya granaiti imefifia? Mwambie fundi abaki na grinda yake

Mkuu, umeandika kaunta yako ya granaiti nyeusi imefifia kuzunguka sinki, fundi anakuja Jumamosi na grinda "kuipiga polishi", na unauliza ununue sila gani, ile dawa ya kupaka jiwe lisinyonye maji. Mpigie sasa hivi. Asije.

Mimi nilimruhusu fundi kama huyo, na sasa nina duara la kijivu la ukubwa wa sinia la pilau katikati ya kaunta. Wageni wakiuliza nawaambia ndiyo dizaini.

Jiwe halichoki kwa kuoshea vyombo. Nyeusi inayouzwa kwa jina la granaiti mara nyingi ni gabro, jiwe jingine gumu, na madini yake yana ugumu wa karibu 6 kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, juu kidogo ya kisu cha jikoni. Sponji italiweza wapi? Mng'ao upo, umefunikwa tu: sabuni isiyosuuzwa vizuri, mafuta ya kukaangia, na kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, kila tone likikauka linaacha chokaa. Ndiyo maana imefifia kando ya sinki na si kule kwenye kabati la vikombe.

Sasa grinda. Kiwandani bamba lote hupita chini ya mashine nzito, kwa maji mengi na mgandamizo ambao mkono wa mtu hauna. Fundi wako atakuja na grinda ya kukatia, mizunguko kama 11,000 kwa dakika, wakati pedi za almasi za kusugulia kwa maji zinataka karibu 4,000 au chini ya hapo. Pedi inaungua, gundi yake inabaki juu ya jiwe. Halafu ataanza na pedi namba 50 (namba ikiwa ndogo, pedi inakwaruza zaidi), ambayo ni ya kusawazisha jiwe lililotoka kwenye msumeno, na kuanzia hapo lazima apite 100, 200, 400, 800, 1500 na 3000 bila kuruka hata moja. Ataruka, kwa sababu begi lake lina pedi tatu. Mikwaruzo ya 50 haitolewi na 800. 800 inaing'arisha tu ikae humo humo ikikutazama. Na akikomalia kiraka kimoja anachimba bonde: hulioni mchana, ila usiku taa ya dari inajipinda juu yake kama kwenye maji. Mwisho, ili alipwe, anapaka klia, ile vanishi ya magari. Inawaka wiki mbili, kisha unaweka sufuria ya moto na inaanza kubanduka kama ngozi ya mjusi.

Na yule aliyekujibu hapa akisema "granaiti ni kama terazo tu, inasuguliwa upya" anisamehe, au asinisamehe. Terazo ni saruji na vipande vya mawe laini. Mtu asiyejua tofauti hiyo abaki kwenye sakafu.

Kanuni ni moja: thibitisha kwanza kwamba ni jiwe lililoharibika na si utando. Chagua kiraka cha upana wa kiganja. Futa mchanga wote, maana mchanga una ugumu wa 7 na ndio unaokwaruza. Osha kwa maji ya vuguvugu na matone mawili ya sabuni ya vyombo, suuza mara mbili, kausha. Kisha loanisha jiwe kidogo, chukua wembe mpya, ulaze karibu bapa, sukuma mbele taratibu, usisimamishe ncha. Wembe ukikusanya uji mweupe au wa kijivu, umepata jibu. Malizia kwa spiriti ya asilimia 70 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, na taulo kavu.

Ukungu ukibaki, tumia asetoni safi kwenye kitambaa cheupe, madirisha wazi, jiko la gesi limezimwa. Ukungu ukitoka, ilikuwa sila iliyoachwa ikakaukia juu. Kitambaa kikiwa cheusi, simama hapo hapo: uliuziwa jiwe lililotiwa rangi, na kinachofifia ni rangi.

Dawa ya choo usiiguse kabisa. Asidi ya hidrokloriki inachokoa chuma kilicho ndani ya jiwe jeusi, unabaki na madoa ya kutu. Zile za kuondolea kutu zenye hidrofloriki zinakula jiwe lenyewe, na vidole vyako.

Sila, kwa kifupi, inaziba vinyweleo, haing'arishi. Mwaga tone la maji, subiri dakika 15. Jiwe lisipokolea rangi pale lilipolowa, huhitaji kununua chochote.

Ukimaliza hayo yote na kiraka bado ni kijivu, hapo ndipo utafute karakana inayokata granaiti, wenye mashine ya maji na ya kupunguza mwendo, waanze na 800 nyuma ya jiko mahali pasipoonekana. Mmoja wao akikuonyesha namba 50, mfungulie mlango atoke.

Fanya jaribio usiku huu, zima taa ya dari na ulaze tochi ya simu juu ya kaunta. Weka picha hapa, kabla na baada, na useme wembe umekusanya nini.