Kiwavi sio funza jamani

Msomaji mmoja wa Tanga kaniuliza: nyuma ya nyumba ana mlimao, na watoto wake wanafuga vipepeo, wanaokota vijidudu kwenye majani wanaviweka kwenye ndoo wanafunika na chandarua. Sasa nyumbani kuna ubishi, mama anasema "vipepeo vyangu", watoto wanasema "vipepeo wangu", nani yuko sawa? Mwisho kaongeza kwamba kwa sasa "bado ni funza tu".

Watoto wako sawa. Kipepeo ana ki- kama kiti lakini ana uhai, kwa hiyo anaruka, wanaruka, wangu, kama kifaru na kiboko. Basi.

Sasa hilo la funza, hapo naomba tukae maana linanichoma roho miaka na miaka. Funza ni wa kwenye uozo, yule wa nzi, hana mguu hata mmoja na kichwa hukioni. Yule wa kwenye kidole cha mguu, ambaye ni kiroboto na aliletwa Afrika kutoka Amerika karne ya 19, alirithi jina tu. Huyo wa kwenye mlimao ni KIWAVI. Ana kichwa, ana taya, ana miguu sita ya kweli mbele na mingine minene ya kushikilia huko nyuma, na anakula majani mabichi. Akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege ili ndege wampite, akikua anakuwa kijani, ukimgusa anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Funza gani anafanya hivyo?

Mimi nilikuwa na mdimu wenye viwavi kumi na mmoja, nilikuwa nawahesabu kila asubuhi kabla ya chai. Kijana mmoja mwema akapita akaona "funza", akapuliza dawa, akaja kunipa taarifa kwa furaha kabisa. Simlaumu, ukishamwita mtu funza unamfanyia kinachofanyiwa funza, lingekuwa jina lingine angeniuliza kwanza.

Na neno tunalo, sio kwamba hatuna. Viwavi jeshi walipovamia mahindi hakuna mkulima aliyeshindwa kulitamka. Zamani kiwavi lilikuwa jina hata la mmea unaowasha, ndo maana wenye manyoya yanayowasha linawakaa vizuri. Wa mlimao hawashi lakini ni ukoo huohuo.

Kwenye pamba mabwana shamba wanasema "funza wa vitumba", na yule naye ni kiwavi wa nondo. Hilo limeshazoeleka kwa wakulima mpaka kwenye vipeperushi, nimeliachia, sina nguvu tena.

Ila kwenye ndoo yako hapana. Waambie watoto waseme viwavi wetu, na wakijifunga kwenye kijiti kwa uzi wakatulia hapo ni pupa, yaani wako ndani ya ganda wanageuka kuwa vipepeo, wasiwabandue, na majani ya mlimao yawe mabichi kila siku.