Kwa unayeanza kuotesha mubilizi: majani siyo mizizi

Msimu wangu wa kwanza nilijaza viriba 200, yaani mifuko ya miche, na kuchomeka pingili (vipande vya tawi) 200 za mubilizi, kichaka cha dawa chenye majani machungu. Siku ya kumi na mbili karibu zote zilikuwa zimechipua. Niliwaita majirani waje kuona, kisha nikampigia simu mteja na kumwambia miche yake itakuwa tayari baada ya wiki mbili. Wiki ya nne niliondoa kivuli ili izoee jua. Ndani ya siku tano ikanyauka, mmoja baada ya mwingine. Nilipoing'oa nilikuta ncha ya chini nyeusi, laini, haina hata uzi mmoja wa mzizi.

Tangu hapo, kila anayekuja kujifunza kitaluni kwangu namweleza hili kabla hajashika panga. Pingili iliyokatwa ina akiba ya chakula na maji ndani yake, na kwa akiba hiyo inaweza kutoa majani kwa wiki mbili tatu bila mzizi wowote. Majani hayo unayoyafurahia yanaila akiba ile ile ambayo mizizi ingeitumia kuanza. Mizizi ikichelewa, akiba inaisha, na hapo jua kidogo tu linatosha kuua. Kwa hiyo mimi sihesabu mche kwa kuona jani. Nahesabu pale mzizi unapochungulia kwenye tundu la chini la kiriba, au ninapoivuta pingili taratibu kwa vidole viwili nayo ikagoma. Na kuvuta huko nafanya mara moja tu, baada ya wiki ya sita, tena kwa viriba vichache vya mfano. Ukivuta kila siku, unakata vimizizi vinavyoanza.

Niseme ni mti gani hasa. Huku Kagera tunauita mubilizi. Wenzetu wa Rwanda na Burundi wanasema umubirizi, Waganda mululuza, Wajaluo olusia, na katika orodha za miti za Kiswahili utaukuta kwa jina la mtukutu. Wataalamu wa mimea wanauita Vernonia amygdalina, na siku hizi wengine wanaandika Gymnanthemum amygdalinum, ni mmea ule ule. Ni kichaka kinachofika mita mbili hadi tano, chenye maua madogo meupe yanayopendwa sana na nyuki, na majani machungu kweli kweli. Wazee wetu waliutumia kwa homa na maumivu ya tumbo, na kwa mifugo pia. Nigeria na Kameruni majani hayo ni mboga: huoshwa na kufikichwa mpaka uchungu upungue, yakapikwa mchuzi wa onugbu au ndolé. Sisi tumezoea kuyaona kama dawa tu.

Kwa kuwa unajiotea kando ya vibanja, yaani mashamba yetu ya migomba ya nyumbani, wengi hudhani hauna kazi. Nakubali, fito ya uzio ukiichomeka ardhini wakati wa masika inashika. Lakini hebu linganisha. Fito hiyo ina urefu wa mita nzima na unene wa kifundo cha mkono, kwa hiyo akiba yake ni kubwa, na imezungukwa na ardhi isiyo na mwisho. Pingili ya kitalu ni kipande cha shubiri moja ndani ya konzi mbili za udongo. Kosa dogo ambalo fito hailihisi linaiua pingili. Mimi nilileta mazoea ya uzio kitaluni, na ndiyo maana nilipoteza viriba vile.

Anza na mti mama. Pingili hurithi kila kitu cha mama yake, uchungu, kasi ya kukua, hata udhaifu wake. Mimi huzunguka wakati wa maua, nikafunga kamba kwenye miti ninayoitaka, kisha narudi kukata baadaye ikiwa haina maua tena, kwa sababu tawi lenye maua limeshapeleka nguvu yake huko juu. Kuzunguka wakati wa maua kuna faida nyingine. Kuna ndugu yake, Vernonia auriculifera, ambaye mgeni anaweza kuwachanganya kwa majani. Huyo maua yake ni ya zambarau na majani yake ni mapana zaidi. Ukimuuzia mtu mti huo kwa jina la mubilizi, umempa kitu kingine kabisa, na yeye anakwenda kukichemsha akanywe. Hapa sina mzaha na mwanafunzi wangu yeyote. Kama huna uhakika na mti, usiukate. Onja pia. Tafuna ncha ya jani, teme, subiri kidogo. Uchungu wa mubilizi haujifichi.

Usichukue pingili zote kwenye mti mmoja hata kama ni mzuri kiasi gani. Shamba zima la watoto wa mama mmoja likipatwa na ugonjwa, linapatwa lote. Mimi nakata kwenye miti isiyopungua minane, na kila kundi la viriba naliwekea alama ya mama yake.

Kukata ndiko kunakoamua mambo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kata asubuhi mapema, mti ukiwa umejaa maji. Ncha ya kijani isiyokomaa inaoza, na mti mzee wa chini wenye gamba gumu unachelewa sana kutoa mizizi. Unachotaka ni katikati ya tawi, unene kati ya penseli na kidole gumba, ngozi imeanza kugeuka kutoka kijani kwenda kijivu. Ukiipinda, inakubali kidogo halafu inalia. Angalia na kiini. Mubilizi una kiini cheupe laini ndani ya shina, na kikiwa kimegeuka kahawia au kimeacha shimo, tupa kipande hicho, maana maji yataingia humo na kuozesha kuanzia ndani.

Urefu ni sentimita 20 hadi 25, na kipande kiwe na macho, yaani sehemu zinazochipua, manne au zaidi. Chini nakata mshazari, kidogo tu chini ya jicho. Juu nakata sawasawa, bila mshazari. Sababu ya tofauti hiyo ni rahisi: pingili zikishakuwa fungu kwenye gunia, hutajua tena ipi ni chini na ipi ni juu, na iliyopandwa kichwa chini haishiki. Nimeona kijana mwenye bidii kabisa akipanda tuta zima kinyume. Tumia kisu au mkasi wenye makali. Panga butu linasagasaga mwisho wa pingili, na sehemu iliyosagika ndiyo mlango wa uozo. Ondoa majani yote, funika kwa gunia bichi, zipande siku hiyo hiyo.

Sasa udongo. Kosa ambalo karibu kila mgeni hulifanya ni kujaza samadi nyingi akidhani anaipendelea pingili. Pingili isiyo na mizizi haiwezi kula samadi. Inachohitaji ni hewa, unyevu kiasi na usafi. Mimi nachanganya madebe mawili ya udongo wa juu na debe moja la mchanga wa mtoni, basi. Samadi iliyooza vizuri naiweka baadaye, kwenye shimo la kupandia. Pingili ichomeke kwa mlalo wa nyuzi 45, macho mawili au matatu yazame, kisha bana udongo kwa vidole gumba ili pasibaki uwazi. Mlalo huo ni desturi ya wakulima wengi wa mti huu, hata Afrika Magharibi, na kwangu umesaidia kuchipua mapema.

Maji yameniulia miche mingi kuliko ukame. Nakumbuka nilivyokuwa namwagilia asubuhi na jioni kwa huruma, na ile ncha nyeusi niliyoikuta ilitokana na huruma hiyo. Chomeka kidole kwenye kiriba hadi kifundo cha kwanza. Kukiwa na ubichi, acha. Kivuli kiwe cha nyasi juu ya fito, kama mita moja kutoka chini, kipitishe nusu ya mwanga. Wiki ya sita hadi ya nane, ukishaiona mizizi, punguza nyasi kidogo kidogo kwa wiki tatu. Usizitoe kwa siku moja kama nilivyofanya mimi.

Mbegu? Inawezekana. Maua yakikauka yanakuwa manyoya mepesi ambayo upepo huyachukua, hivyo yakusanye kabla ya hapo. Nyingi huwa tupu ndani, kwa hiyo mwaga nyingi, juu ya udongo uliochekechwa, bila kuzifukia. Miche yake ni dhaifu mwanzoni na haifanani yote. Mimi hutumia mbegu ninapotafuta mama wapya tu.

Hesabu msimu kwa kurudi nyuma. Kagera tuna mvua za vuli kuanzia Septemba na za masika kuanzia Machi. Mche unaotaka kuupanda mwishoni mwa Septemba, pingili yake iwe kwenye kiriba mwanzoni mwa Julai, na Julai kwetu ni kavu, kwa hiyo hakikisha una maji ya uhakika kabla hujapokea oda. Ukitaka majani, panda mita moja kwa mita moja. Ukitaka ua hai, nusu mita inatosha. Usiuingize katikati ya migomba, uweke pembeni mwa kibanja. Kwenye maeneo makavu yenye mchwa, matandazo yakae mbali na shina kwa upana wa kiganja.

Lipo jambo ambalo halihusu udongo. Wateja wako watakuuliza mti huu unatibu nini na wanywe kiasi gani. Mwaka 1987, kwenye milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyezijua dawa za asili, walimfuatilia sokwe jike mgonjwa aitwaye Chausiku. Alichukua machipukizi ya mti huu, akaacha majani, akamenya gamba la nje, akatafuna kiini na kumeza utomvu wake mchungu. Siku iliyofuata alionekana kupata nafuu. Watafiti walipochunguza baadaye waliona kwamba majani na gamba vina kemikali inayoweza kuwa sumu kwa wingi, na sokwe aliviepuka. Nawaeleza wateja kisa hicho, maana kinaonyesha kuwa sehemu ya mti na kiasi chake vina uzito. Kisha nawaambia mimi ni mwotesha miche. Mwenye homa aende kupimwa malaria, mjamzito asinywe kwa kuambiwa na muuza miche, na anayetaka kutibu watu afuate Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, ajisajili kwenye Baraza lake. Nimepoteza wateja wawili watatu kwa jibu hilo, na nitaendelea kulitoa.

Wanaonunua majani makavu wanataka yabaki ya kijani. Anika kivulini kwenye chekeche au turubai safi, tabaka jembamba, geuza kila siku. Yaliyokauka juani hugeuka kahawia na mnunuzi atayakataa. Usivune mche wa mwaka wa kwanza zaidi ya theluthi ya majani yake.

Na mti mama, ukishamaliza kukata pingili, upogoe hadi usawa wa goti mvua zikiwa karibu kuanza. Utatoa fito mpya nyingi zilizonyooka. Punguza zibaki sita au saba zenye afya, mbuzi wasiufikie, na hizo ndizo pingili zako za msimu unaofuata.