Mwanangu Alizimia Akikimbia: Je, Aache Mpira?

SWALI: Assalaam aleykum, Daktari. Barazani petu kulizuka mjadala juu ya kifo cha Marc-Vivien Foé, mchezaji wa Kameruni; mmoja akasema alipatwa na kijicho, mwingine akadai ni dawa za kuongeza nguvu. Mimi nilinyamaza kwa hofu, kwa kuwa mwanangu wa miaka 16, winga wa timu ya mtaa, aliwahi kuzimia katikati ya mbio, kisha akainuka na kuendelea kucheza. Je, mtu mwenye siha kama ile hufaje ghafla, na je, nimzuie mwanangu?
Mzazi, Langoni, Lamu

JIBU: Wa aleykum salaam, ndugu yangu. Naanza na mwanao, kwa sababu lake haliwezi kungoja: asikimbie wala asicheze mpaka achunguzwe moyo. Kuzimia baada ya mechi, mtu akiwa amesimama juani, mara nyingi huwa jambo dogo. Kuzimia katikati ya mbio ni dalili ya hatari, hata kama kijana aliinuka akitabasamu.

Foé alizaliwa mwaka 1975, akachezea Canon Yaoundé, akatwaa ubingwa wa Ufaransa na Lens mwaka 1998 na tena na Lyon mwaka 2002, na akashinda Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2000 na 2002. Alikuwa kiungo mrefu, mwenye mapafu ya kukimbia dakika zote, na nadhani ndiyo maana watu hutafuta mkono wa hasidi. Tarehe 26 Juni 2003, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Kolombia, alianguka mjini Lyon dakika ya 72 bila kuguswa na mtu. Alikuwa na miaka 28. Uchunguzi wa maiti ulionyesha maradhi ambayo hufanya ukuta wa moyo uwe mnene kupita kiasi, maradhi ambayo kwa kawaida hurithiwa na humpata takriban mtu mmoja kati ya 500, wengi wao wasijue.

Moyo wa namna hiyo unapoenda mbio, umeme wake huweza kuvurugika, ukabaki ukitetemeka bila kusukuma damu, na mtu akapoteza fahamu ndani ya sekunde chache. Hapo hatapona kwa kumwagiwa maji wala kwa kutiwa kijiko mdomoni, mambo ambayo nimeyaona yakifanywa kwa nia njema na ambayo hupoteza dakika za thamani. Akiwa haitiki na hapumui, au anakoroma kwa kuvutavuta pumzi, mtu mmoja aite msaada na mwingine aanze papo hapo kumkandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili, kina cha sentimita tano hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma. Kwetu Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari na mgonjwa wa Shela huenda akaletwa mjini kwa mashua, wenye kumwokoa ni wale wale waliosimama kando ya uwanja. Christian Eriksen wa Denmark alianguka vivyo hivyo Copenhagen mwaka 2021. Alikandamizwa kifua na kushtuliwa moyo kwa mashine pale pale uwanjani, na akarudi kucheza ligi kuu ya Uingereza.

Mpeleke mwanao hospitalini wiki hii, ukaombe kipimo cha umeme wa moyo pamoja na kile cha picha ya moyo. Kama hicho cha pili hakipatikani Lamu, omba barua ya kupelekwa Mombasa. Mweleze daktari alikuwa akifanya nini alipozimia, na umtajie jamaa yeyote, wa kuumeni au wa kukeni, aliyefariki ghafla akiwa kijana. Vipimo vikiwa safi, daktari ndiye atakayempa ruhusa ya kurudi uwanjani. Vikionyesha kasoro, ziko dawa, na kipo chombo kidogo kinachopandikizwa kifuani, na ndugu zake wa tumbo moja nao itabidi wapimwe.