Bitiruti majani matupu, chini hakuna kitu

Mkuu uliyeuliza kwa nini bitiruti zako za Urambo zimetoa majani mengi huku chini kuna mizizi kama vidole, usianze kulaumu udongo. Ulipunguza miche?

Ile punje yenye makunyanzi unayoifukia siyo mbegu moja. Ni kifundo cha mbegu 2 mpaka 4, pengine zaidi. Hata ukipanda kwa nafasi, shimo moja linaota miche kadhaa, inabanana, hakuna unaonenepa. Mimi hapa Tabora mjini napanda mvua zikishakata, kwa maji ya kisima. Naloweka mbegu usiku kucha, nafukia sentimita 2. Miche ikishasimama vizuri nabakiza mmoja kila sentimita 10. Inayozidi naikata kwa mkasi. Ukiing'oa unalegeza mizizi ya jirani. Watu wengi hapo ndipo huruma inapowaponza.

Samadi mbichi na urea vinakupa majani tu. Tumia samadi iliyooza na majivu kidogo ya jikoni, maana kichanga chetu mara nyingi kina asidi na bitiruti haiipendi. Na kama tuta liko chini ya mwembe, hamisha.

Kuvuna, usisubiri liwe jitu. Sentimita 5 hadi 7 kwa upana linatosha. Likizidi sana linakuwa na nyuzi.

Jikoni sasa. Usimenye kwanza! Kata majani ukiacha kikonyo cha sentimita 3, na mkia uuache, la sivyo rangi na utamu vinaishia kwenye maji. Chemsha dakika 40 hadi saa nzima, tia kwenye maji baridi, kisha sukuma ganda kwa kidole gumba: linavuka lenyewe. Kata slesi, weka kitunguu, ndimu na chumvi. Mkojo ukiwa mwekundu kesho yake usishtuke, ni rangi yake tu.

Majani usiwape mbuzi. Ile spinachi ya mabua mapana tunayonunua sokoni kwa mafungu ni mmea uleule wa bitiruti, ila umechaguliwa kwa majani. Kwangu yanaungwa kwa karanga za kusaga. Shemeji zangu wa Kigoma wanatia mawese na dagaa, na sijawahi kubisha.

Hizo zako zilizobanana, punguza leo na ule ulizokata. Zitakazobaki zimwagilie bila kuruka siku, urea acha kabisa. Kama hazijazeeka, bado zinaweza kujaa.