Kuhamia Pemba ya Msumbiji: kabla ya kuvuka, soma jina lako

Mkuu, umepata kazi ya ufundi magari Pemba, unauliza kama unaweza kuvuka mpaka wa Kilambo na pasi ya kusafiria tu kisha ukafuatilia ukaazi ukiwa kulekule. Nimekaa Pemba 2014 hadi 2018 kabla ya kurudi hapa Mtwara. Usithubutu.

Kuingia kutembea ni habari nyingine. Viza ya ukaazi inaombwa ukiwa bado huku, ubalozi wa Msumbiji Dar. Ukifika nayo ndipo unaenda uhamiaji wao, SENAMI, kuomba DIRE, kitambulisho cha mgeni mkaazi. Kibali cha kazi mwachie tajiri wako ahangaike nacho.

Mimi Kireno hakikunitesa (maneno kama meza na bendera tuliyachukua kwao zamani). Ilinitesa herufi moja. Cheti cha kuzaliwa kinasema Rashidi, pasi inasema Rashid. Mama wa dirishani aliweka rula chini ya jina kwenye karatasi ya kwanza, akaihamishia ya pili, akaigonga ile "i" kwa ncha ya kalamu, kisha akanisukumia faili bila neno. Nikarudi Mtwara kwa wakili, nikala kiapo kwamba Rashidi na Rashid ni mtu mmoja, kiapo kikatafsiriwa Kireno, tafsiri ikapigwa muhuri kwa notário, mthibitishaji wa hati wa kwao. Wiki tatu zikaenda, nauli juu yangu, na tajiri simu hapokei.

Halafu kwenye fomu utakuta "apelido". Ni jina la ukoo hilo. Sisi wa jina, baba, babu hapo ndipo tunapotapatapa. Andika lililokaa kama jina la ukoo kwenye pasi, hata kama ni la babu usiyemjua.

Mengine ya kawaida: hati ya polisi ya kutokuwa na rekodi ya jinai, mkataba, picha, barua ya katibu wa mtaa, namba ya kodi wanayoiita NUIT. Katibu wa mtaa wetu wa Paquitequete alikuwa Mmwani, na Kimwani kimekaa jirani kabisa na Kiswahili, tukamalizana kibarazani.

Vurugu za Cabo Delgado, jimbo lenye Pemba, zilipoanza Oktoba 2017, DIRE haikutoka mfukoni mwangu hata nikienda kununua samaki.

Cheti chako cha kuzaliwa kimeandikwaje? Kama hakilingani na pasi, anzia RITA, wanaosajili vizazi, wiki hii, kabla hujapanda gari la Dar.